Begi Lililofungwa na Watu Saba

“Begi hili umelipanga mwenyewe?”

Dada wa kaunta aliuliza huku anachapa kwenye kompyuta, hata macho hayakunifikia. Nikajibu ndiyo. Ulikuwa uongo, na nadhani yeye mwenyewe alijua, maana juu ya zipu begi lilikuwa limezungushiwa kamba ya katani, na fundo lile ni la mama yangu. Hakuna mwanamume wa rika langu anayeweza kufunga fundo kama lile. Mizani ikaonyesha kilo 23 na nusu. Jana yake, kwenye mashine ya kusaga ya mtaani ambako tulilipima kwa mizani ya magunia, lilikuwa kilo 22 na nusu. Nikailaumu mizani ya mashine. Dada akanisamehe ile nusu, begi likaondoka kwenye mkanda.

Waliolipanga walikuwa saba. Nimewahesabu nikiwa angani, sina la kufanya: mama, shangazi, mke wangu, jirani wa mlango wa pili, binamu yangu, kijana wa mashine aliyelipima na kushauri viatu vikae chini, na mimi. Mimi ndiye niliyeweka vichache kuliko wote. Soksi, zaidi.

Kwetu Tanga mtu hasafiri peke yake hata akiwa na tiketi moja. Ukisema unakwenda Ulaya, habari inafika mtaa wa pili kabla hujamaliza kusema, na kila aliyeisikia ana mtu wake huko, au anamjua mwenye mtu huko. Nilikuwa nakwenda Hamburg kwa dada yangu, wiki tatu za Disemba. Usiku wa kuamkia safari mkeka wa sebuleni ulikuwa haukanyagiki: samli ya mama kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, maembe dodo yaliyoviringishwa kwenye magazeti, dagaa, kipande cha papa mkavu ambacho nyumba nzima ilishajua kipo, unga wa muhogo, achari, ubani na makaa yake, mbata, khanga, na bahasha ya kaki ya shangazi iliyopigwa gundi pande zote.

Kazi yangu ni ya kutoa mizigo bandarini. Miaka kadhaa nimekaa na makaratasi ya vitu vinavyolipuka, vinavyoungua na vinavyooza. Kwa hiyo mle ndani nilijiona ndiye mwenye elimu. Mama naye alijiona ndiye mwenye nyumba.

Tulianzia kwenye mbata. Dada yangu anatafuna mbata tangu mtoto, na mama alikuwa amemkaushia za kujaza mfuko wa kilo tatu. Nikasema, mama, hii haipandi ndege. Akanitazama kama nimemtukana. “Nazi, baba? Nazi inalipuka?”

Hailipuki. Inajiwasha. Ni katika mambo machache ya kazi yangu ambayo hata barazani watu hunyamaza nikiyasimulia. Mbata imejaa mafuta. Ikifungashwa kabla haijakauka sawasawa, unyevu na hewa vinaanza kazi humo humo ndani ya gunia. Joto linapanda taratibu, halina pa kutokea, mpaka rundo linafuka moshi bila mtu kuwasha kiberiti. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya mizigo ya hatari mbata ina namba yake kabisa, 1363, na imewekwa daraja la 4.2, la vitu vinavyoweza kushika moto vyenyewe. India, ambao nazi hawafundishwi na mtu, wanamkataza abiria asiweke nazi kavu kwenye begi. Makaa ya ubani nayo ni ya kuacha nyumbani, hasa yale ya duara yanayoanza kutoa cheche mara tu yakiguswa na njiti. Ubani wenyewe hauna neno. Udi hauna neno. Hata nazi nzima, ya kufua, haina neno.

Mama akachukua mfuko wake akaenda nao chumbani. Saa moja baadaye niliukuta umezungushiwa khanga katikati ya begi. Nikautoa. Hatukusemezana mpaka chai.

Maembe hayakuwa na ubishi mrefu kwa sababu mke wangu alikuwa upande wangu, na watoto walikuwa upande wa maembe. Tangu Disemba 2019 anayeingia nchi za Umoja wa Ulaya na matunda, mboga au mmea wowote kutoka nje anatakiwa awe na cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Orodha hiyo niliisoma mara mbili. Ni kama aliyeiandika alikaa barazani kwetu akaulizwa anapenda nini. (Duriani, angalia, mpakani linaruhusiwa, wenye kulikataa ni mashirika ya ndege, kwa sababu ya harufu yake.) Embe halimo. Tatizo la embe ni nzi wa matunda, ambaye hutaga ndani ya tunda, nawe unalibeba zuri kwa nje, linanukia, huku ndani limeshapata wapangaji. Wakulima wetu wanamjua. Mwaka 2003 Kenya ilimgundua kwa mara ya kwanza barani Afrika nzi mmoja mwenye asili ya Asia, na tangu hapo ameenea na kuwatia hasara wenye miembe kila upande. Huyo hakuletwa na upepo wa kusi. Kwa hiyo mtu anaponiambia sheria za Ulaya za matunda ni dharau kwa Mwafrika, namwambia akaulize bei ya embe lililooza shambani.

Dagaa nikawaruhusu. Samaki wana bahati yao: abiria anaweza kuingia Umoja wa Ulaya na hadi kilo 20, na dagaa wakavu wa kilo mbili si wa kumtisha mtu. Papa nilimkataa. Novemba 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, uliofanyika Panama, papa wa jamii nyingi sana waliingizwa kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao ya nje inadhibitiwa, na mimi kwa kukitazama tu kile kipande, kikavu, cheusi, kimekunjamana, sikuweza kusema ni papa gani. Sikutaka kumkuta afisa anayeweza.

Binamu yangu yeye alikuja na mapenzi ya kisasa. Alichomeka pawabenki yake, ile betri ya kuchajia simu, kwenye mfuko wa pembeni wa begi kubwa, akanyamaza, ili nikifika nistaajabu. Bahati nilipapasa. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu sheria yake inakwenda kinyume na akili. Kitu cha hatari mtu hukiweka mbali naye. Pawabenki unatakiwa ukae nayo, juu, kwenye begi la mkononi, na ni marufuku kwenda nayo kwenye tumbo la ndege. Betri za lithiamu zikianza kuungua zinaambukizana: kijibetri kimoja kinampasha jirani yake, jirani anampasha wa tatu, na ile gesi ya kuzimia moto iliyowekwa kwenye tumbo la ndege haiwezi kuukata mwendo huo. Juu kuna macho ya watu na kuna wahudumu wenye maji. Chini hakuna mtu.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS iliruka kutoka Dubai ikiwa na shehena kubwa ya betri za aina hiyo. Moto uliwaka ikiwa angani, moshi ukajaa chumba cha marubani hata vipimo vyao wakawa hawavioni. Walijaribu kurudi, hawakufika. Walikuwa wawili, wakafa wote. Na kuna ile ya ValuJet ya tarehe 11 Mei 1996, iliyoanguka kwenye vinamasi vya Florida na watu 110. Chini ilipakiwa mitungi ya kutengenezea oksijeni ambayo haikustahili kupandishwa, na kwenye karatasi ya mzigo iliandikwa kuwa ni mitupu. Neno moja kwenye karatasi. Mimi mtu wa makaratasi, nikifikia safu ile ya kueleza mzigo, huwa nasita kidogo.

Nikamfanyia binamu hesabu palepale mkekani. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100, yaani kipimo cha nishati inayokaa ndani ya betri. Unachukua mAh zilizoandikwa kwenye pawabenki, unazidisha kwa 3.7, unagawa kwa 1,000. Yake ilikuwa 20,000, yaani wati-saa 74, inapita. Ingekuwa 30,000 ingefika 111, na hapo utahitaji ridhaa ya shirika la ndege. Ikizidi 160, iache nyumbani. Na kama maandishi yamefutika kwa kukaa mfukoni na funguo, mkaguzi halazimiki kukuamini. Mashirika mengine yamekaza zaidi ya hapo: Emirates, tangu tarehe 1 Oktoba 2025, abiria anabeba moja tu, na haruhusiwi kuitumia ndani ya ndege. Binamu akasikiliza yote, kisha akauliza, “Sasa hiyo ya kutotumia ndani, umebeba ya nini?” Sikuwa na jibu.

Bahasha ya shangazi ndiyo iliyoleta maneno.

Mwanawe ni dereva Dubai, nami nilikuwa na saa tisa za kungoja ndege pale. Mpango wa shangazi ulikuwa rahisi: nitoke, mwanawe aje, nimpe bahasha, tusalimiane, nirudi. Nikasema, shangazi, naomba niifungue. Sebule ikatulia. “Mwanangu, huniamini?” Sijui kama kuna swali gumu kuliko hilo. Huyu ndiye aliyenilea miaka miwili mama alipokuwa hospitali. Nikamwambia namwamini, ila nitakayeulizwa kilichomo ni mimi, nami sitaweza kusema kimo kitu ambacho sikukiona. Akaifungua mwenyewe, kwa hasira, kwa meno.

Vilikuwa vidonge vya mgongo. Tramadoli, vipande vitatu vilivyokatwa kutoka kwenye karatasi yake, havina cheti cha daktari wala jina la mgonjwa. Mwanawe anaumwa mgongo kwa kukaa kwenye usukani, na shangazi aliona akimtumia dawa anayoijua amemfanyia hisani. Lakini Umoja wa Falme za Kiarabu tramadoli ni dawa ya kudhibitiwa, kama zilivyo zenye kodini. Anayeingia nayo anatakiwa awe ameomba kibali kabla, kwa cheti na kwa jina lake. Bila hivyo ni kosa la kupelekwa mahakamani, na haisaidii kusema nimepewa na shangazi. Nilimweleza. Alilia kidogo, nadhani si kwa ajili yangu, ni kwa kumfikiria mwanawe angekutwa navyo mkononi.

Hapo ndipo ninapoona lile swali la kaunta limeandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Linamfikiria msafiri aliye peke yake chumbani, anakunja mashati yake, anafunga zipu, anazima taa. Mtu wa namna hiyo wapo, nimewaona, begi lao dogo lina magurudumu manne na halina kamba. Kwetu begi ni la ukoo. Ukikataa kifurushi hujakataa kifurushi, umemkataa mtu. Na wenye kufanya biashara mbaya wanaijua vizuri aibu yetu hii ya kukataa, hawaji na bastola, wanakuja na “mpelekee mdogo wangu, ni viatu tu.”

Halafu kulikuwa na unga. Kiswahili hapa kimetutesa. Fikiria unasimama mbele ya mtu mwenye mbwa, una kilo mbili za kitu cheupe, laini, kwenye mfuko usio na maandishi, na lugha yako ina neno moja kwa chakula cha jioni na kwa kitu cha kukufunga miaka thelathini. Nilikwenda dukani nikanunua unga wa muhogo wa kiwandani, pakiti ina nembo na tarehe, nikauweka begi la chini. Wanaokwenda Marekani wana sharti jingine juu ya hilo: unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kufunguliwa, kupimwa, hata kukataliwa, tangu katikati ya 2018.

Achari nilisahau kabisa, na sababu ni kwamba aliyeiweka alikuwa na nia njema kuliko wote. Mke wangu aliitia kwenye begi la mkononi ili isije ikamwagikia nguo za watu.

Kijana wa ukaguzi aliinyanyua chupa akaitazama kwenye mwanga. “Hii nini, mzee?” Achari ya ndimu. “Gramu 250. Ina maji.” Nikasema, “Haina maji, ina mafuta,” nikidhani nimemshinda. Akanitazama kwa huruma. Kipimo chao ni mililita 100, na “maji” kwao ni chochote kinachomwagika, kinachopakwa au kinachopuliziwa: asali, siagi ya karanga, dawa ya meno, mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi ni kioja, maana Tanga ni maji na Hamburg ya Disemba ni mshumaa, lakini kwa mkaguzi ni maji kote kote. Na wanaangalia chombo, hawaangalii kilichobaki ndani. Tyubu ya mililita 200 iliyokamuliwa hadi mwisho bado ni ya 200.

Yote hayo yalianza Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipowakamata watu waliokuwa wamepanga kulipua ndege za kutoka London kwenda Marekani na Canada kwa kemikali zilizotiwa kwenye chupa za vinywaji. Siku za mwanzo huko hata mkoba ulikatazwa, na mama mwenye mtoto mchanga alitakiwa ayaonje maziwa ya mwanawe mbele ya wakaguzi. Baadaye ndipo ikaja mililita 100 na ule mfuko wa lita moja unaoona ndani. Sasa kuna mashine mpya zinazochungulia chupa bila kuifungua, na uwanja wa Edinburgh tangu 2025 unaruhusu hadi lita mbili. Lakini kama safari yako ina viwanja vitatu, sheria yako ni ya kile kikali kuliko vyote.

Nilimuuliza kijana, naweza kuila hapa hapa? Akacheka, akasogea pembeni. Saa nane usiku, mbele ya foleni, nilikula vidole vitatu vya achari ya ndimu bila wali wala mkate. Cha nne kikanishinda. Nikamkabidhi.

Sasa samli. Hiyo sikuisahau. Hiyo niliibeba nikijua.

Nyama na maziwa, na vyote vitokanavyo, haviingii Umoja wa Ulaya mkononi mwa abiria kutoka kwetu. Asali inapita, hadi kilo mbili. Samli haipiti hata kijiko. Nilijua, na nilikuwa nimekwisha kumkatalia mama mbata, maembe na papa, na aliponiletea ile chupa, ameifuta kwa kitambaa, ameitia ndani ya mifuko miwili, sikuweza kusema hapana ya nne. Nikaiweka mfuko wa nje wa begi kubwa. Nikajiambia nitajua huko mbele.

Huko mbele ni ukumbi wenye milango miwili, wa kijani kwa wasio na cha kusema, mwekundu kwa wenye cha kusema. Nilisimama na kigari changu kama mtu anayesoma tangazo. Nikakumbuka wateja wangu wa bandarini, wale wanaoniambia “we andika tu vyombo vya nyumbani,” na ninavyowajibu. Nikaenda mwekundu.

Afisa alikuwa mzee mwenye miwani, amevaa glavu. Nilimtolea chupa, nikamwambia ni ya mama. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, kwa hiyo tulielewana. Aliinusa kwanza, akatikisa kichwa kwa namna ya kuisifu, kisha akaniambia habari ya nyati wa Brandenburg. Januari 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulitokea kwenye kundi dogo la nyati karibu na Berlin, mara ya kwanza Ujerumani tangu 1988. Waliwaua wote, na nchi kadhaa zikafunga milango kwa nyama na maziwa ya Ujerumani. Uingereza mwaka 2001 ilikuwa mbaya zaidi: waliteketeza mifugo zaidi ya milioni sita, na inaaminika yote ilianzia kwa nguruwe waliolishwa mabaki yenye nyama iliyoingizwa kinyume cha sheria. Kwetu ugonjwa huo upo mwaka hadi mwaka, wafugaji wanaujua kwa jina, ng’ombe anatoka mate anachechemea, na wengi wanapona. Nilitaka kumwambia samli ya mama inachemka mpaka inakuwa rangi ya dhahabu, hakuna kidudu kinachotoka hai mle. Lakini karatasi yake haiulizi imechemshwa kwa muda gani, nami nimewahi kuwa upande ule wa meza. Akaitia kwenye pipa la bluu, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Begi lenyewe hakulifungua. Aliigusa kamba ya katani, akalitazama fundo, akanipungia mkono nipite.

Nyumbani kwa dada, shemeji alitaka kulifungua lile fundo kistaarabu. Alihangaika robo saa. Dada akaja na kisu cha jikoni, akaikata. Alitoa dagaa akawanusa kwa macho yaliyofumba, akatoa unga, akatoa khanga moja, ya pili, ya tatu. Ya nne ilikuwa nzito. Akaikunjua mezani na vipande vikamwagika, vyeupe kwa ndani, vya kahawia kwa nje. Kilo moja hivi.

Nilianza kumweleza. Namba 1363, daraja la 4.2, joto lisilo na pa kutokea. Nilikuwa nimefika kwenye unyevu na hewa alipotia kipande mdomoni, akakivunja kwa gego, mlio ukasikika hadi sebuleni.

“Kavu kabisa,” akasema, akanisogezea kingine.